Kuogelea kwa Mrija Kisiwani Wasini: Mwongozo Kamili kwa Anayetoka Kisumu au Nakuru

Ukifika Shimoni, kijiji cha pwani ya kusini ya Kenya ambako mashua za Wasini huondokea, bila kuwahi kupumua kwa mrija, utakabidhiwa vifaa ukiwa tayari mashuani, utaonyeshwa kwa dakika mbili, kisha utaambiwa ushuke. Chini yako kuna maji ya mita tatu au tano, mawimbi madogo yanakupiga kisogoni, na miwani ambayo hukuipima inaingiza maji. Wageni wengi kutoka bara hurudi mashuani baada ya dakika tano na kukaa humo wakiwatazama wenzao. Nguvu wanazo, na wengine wao wanajua kuogelea vizuri. Kilichowashinda ni pumzi. Pumzi unaweza kuizoeza nyumbani wiki tatu kabla ya safari, kwa beseni la maji na bwawa la kuogelea. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu ni ya Kisumu na Nakuru, na bahari inakuja baadaye.

Usijifunzie ziwani

Ziwa Victoria liko karibu na linavutia, lakini halifai kwa mazoezi haya. Karibu na ufuo maji yana tope, hivyo hutaona hata mkono wako ukiunyoosha. Kichocho kipo: vimelea vyake hutoka kwa konokono wa maji baridi na kupenya ngozi, na anayeelea kifudifudi kwa nusu saa amevipa nafasi kubwa. Kuna viboko, kuna mamba, na gugu maji husogezwa na upepo na kuziba mahali palipokuwa wazi asubuhi. Ziwa Nakuru nalo lina maji ya magadi na liko ndani ya hifadhi ya wanyama, kwa hiyo lisahau kabisa. Tafuta bwawa lenye maji safi, lenye mlinzi wa waogeleaji, na lenye upande ambapo maji yanakufikia kifuani. Hoteli nyingi za Kisumu na Nakuru huruhusu watu wa nje kuingia kwa ada ya siku. Nakuru iko juu, karibu mita 1,850 kutoka usawa wa bahari, na maji ya bwawa huwa baridi. Baridi hukatiza pumzi, kwa hiyo nenda alasiri jua likiwa limeshayapasha.

Vifaa, na jinsi ya kuvipima

Unahitaji miwani ya kuzamia, mrija, mapezi ya miguu na jaketi la kuokolea maisha. Jaketi na mapezi utavipata mashuani. Kama una pesa ya kununua kitu kimoja tu, nunua miwani, kwa sababu uso wako ndio wenye umbo lake, na miwani ya kukodi imetengenezwa kwa uso wa yeyote.

Miwani inayofaa hufunika macho na pua pamoja. Ile midogo ya kuogelea, inayoacha pua nje, haifai: maji yataingia puani, na huwezi kupuliza hewa ndani yake. Kioo kiwe kigumu cha usalama, na ukingo unaogusa uso uwe wa silikoni laini. Ipime hivi dukani:

1. Rudisha nywele zote nyuma. Kama umesuka, hakikisha hakuna hata uzi mmoja wa msuko unaopita chini ya ukingo. Kama unavaa hijabu ya kuogelea, iwe nyuma ya ukingo, isiwe chini yake.
2. Weka miwani usoni bila kupitisha mkanda kichwani.
3. Vuta hewa kidogo kwa pua, kisha ibane pumzi na uachilie mikono.
4. Miwani ibaki imeng'ang'ania uso kwa sekunde tano au zaidi. Ikidondoka, au ukisikia hewa ikipenya shavuni, jaribu nyingine.
5. Sasa weka mrija mdomoni na urudie. Mdomo ukishika mrija, mashavu hubadilika umbo, na miwani nyingi zilizofaulu mara ya kwanza hufeli hapa.

Masharubu ni adui wa jaribio hili. Nyoa ule mstari mwembamba ulio chini kabisa ya pua, ambapo ukingo unakaa, na tatizo litapungua sana.

Miwani mpya huwa na utando wa kiwandani ndani ya kioo, na utando huo huleta ukungu hata ufanyeje. Weka dawa ya meno nyeupe ya kawaida kwenye kidole, sugua ndani ya kioo dakika mbili, suuza, na urudie mara tatu.

Mrija uwe wa sentimita 35 hadi 40, usizidi hapo. Usikubali mtu akutengenezee mrefu wa bomba la plastiki ili "uende chini zaidi". Hewa uliyoitoa hubaki ndani ya mrija, na ndiyo unayoivuta tena kwanza. Mrija ukiwa mrefu, unazungusha hewa ileile iliyochoka, na kina kikiongezeka shinikizo la maji linakandamiza kifua hadi kisipanuke. Mrija wenye vali ndogo chini ya mdomo humsaidia anayeanza kutoa maji. Barakoa zinazofunika uso mzima, zenye mrija juu ya paji, hatuzipendekezi kwa mwanafunzi: hewa iliyotumika inaweza kujikusanya ndani, na ukishtuka huwezi kuutema mrija kwa haraka.

Anayevaa miwani ya macho asikate tamaa. Majini vitu huonekana vikubwa na vya karibu zaidi, kwa hiyo mwenye tatizo dogo la kuona mbali huona vya kutosha. Tatizo likiwa kubwa, kuna miwani ya kuzamia yenye vioo vya kipimo.

Beseni kwanza

Weka beseni pana juu ya meza, lijaze maji, vaa miwani, shika mrija mdomoni, inama na utumbukize uso. Mwili wako utakataa. Maji yakigusa uso, watu wengi hubana pumzi bila kutaka, na hata baada ya kuanza kupumua huvuta hewa fupifupi na za haraka. Hiyo ndiyo hatari: pumzi fupi haifiki mbali kupita hewa chafu iliyo mrijani, kifua kinadai zaidi, unaongeza kasi, kichwa kinaanza kuzunguka, na hofu inapanda.

Hesabu. Vuta kwa hesabu ya nne, toa kwa hesabu ya sita. Usikilize sauti yake mrijani, iwe ndefu na ya utaratibu kama ya mtu aliyelala. Fanya dakika tano kila jioni kwa siku nne. Mrija ushikwe kwa meno taratibu, midomo ndiyo izibe. Ukiuuma kwa nguvu, taya litauma kabla ya dakika kumi.

Kisha bwawa

Siku ya kwanza, simama maji yanapofika kifuani. Inama, uso majini, pumua kama ulivyofanya kwenye beseni, dakika kumi. Kisha inua miguu na uelee, mikono ikishika ukingo wa bwawa. Usiharakishe kwenda mbele hadi uweze kuelea hivyo ukiwa umelegea shingo na mabega.

Siku ya pili ni ya kutoa maji kwenye mrija. Zamisha kichwa makusudi hadi mrija ujae, panda juu, kisha puliza mpulizo mmoja mfupi wa nguvu, kama unayetema mbegu ya chungwa: "tu!" Maji yaruke juu. Pumzi inayofuata ivutwe polepole, ulimi ukiwa juu, kwa sababu matone machache hubaki. Baada ya pumzi hiyo, puliza tena. Rudia mara ishirini. Ni zoezi linalochosha, lakini usiliruke, maana baharini wimbi litaujaza mrija wako bila kukuuliza.

Kutoa maji kwenye miwani: ukiwa juu ya maji, inua kichwa na uvute ukingo wa chini kidogo, maji yatamwagika. Ukitaka kufanya hivyo uso ukiwa majini, bonyeza sehemu ya juu ya fremu kwenye paji la uso, tazama juu kidogo, na utoe hewa kwa pua taratibu. Hewa itapanda na kusukuma maji yatoke chini.

Siku ya tatu, mapezi (ya kuazima, kama huna yako). Yavae yakiwa na maji, yabane vizuri bila kuumiza vidole. Yakilegea yatachubua kisigino. Ukitaka kutembea nayo, tembea kinyumenyume. Teke litoke nyongani, goti likunjike kidogo tu, na mapezi yabaki chini ya maji. Anayeanza hupiga teke kama anayeendesha baiskeli: magoti yanapanda tumboni, maji yanaruka, na haendi popote. Mikono haina kazi. Ilaze ubavuni au ikunje mbele.

Uko tayari kwa bahari ukiweza haya matatu: kuelea kifudifudi dakika kumi na tano bila kuinua kichwa, kwenda mita 200 kwa mapezi bila kuhema, na kugeuka chali upumzike bila mtu kukushika. Maji ya bahari, yenye chumvi takriban gramu 35 kwa lita, yatakubeba vizuri zaidi kuliko bwawa, kwa hiyo ulichokiweza Kisumu kitakuwa chepesi Wasini.

Mwenye maradhi haya aonane na daktari kwanza

Pumu, ugonjwa wa moyo, shinikizo la damu lisilodhibitiwa, kifafa. Tunaongeza selimundu, ambao familia nyingi za ukanda wa ziwa wanaujua vyema: kuchoka sana, kukosa maji mwilini na kupigwa na baridi vinaweza kuamsha maumivu yake, na siku ya mashua ina vyote vitatu. Anayeruhusiwa na daktari anywe maji mengi, akae majini muda mfupi, na abadilishe nguo mbichi mara akitoka. Mwenye mafua asijaribu kuzamia chini, masikio yatamuuma.

Lini uende

Upepo ndio unaoamua. Kaskazi, takriban Desemba hadi Machi, huleta bahari tulivu na maji maangavu. Kusi, kuanzia karibu Mei hadi Septemba, huchafua bahari na kuongeza mawimbi. Mvua za masika za Aprili na Mei huleta tope kutoka mitoni. Oktoba na Novemba ni nzuri pia, na wageni si wengi kama wakati wa Krismasi.

Angalia na mwezi. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji ni ya bamvua: yanajaa sana na kupwa sana, tofauti inaweza kukaribia mita nne, na mikondo kati ya kujaa na kupwa huwa na nguvu. Siku chache zinazofuata robo ya mwezi ni za maji mafu, mikondo inapungua. Kwa mara ya kwanza, chagua maji mafu kama ratiba yako inaruhusu. Ukikosa, muulize nahodha ni saa ngapi maji yatasimama, na uingie karibu na saa hiyo. Saa hizo husogea mbele kwa dakika hamsini hivi kila siku, kwa hiyo jibu la jana halifai leo.

Njia

Kisumu hadi Nairobi ni kilomita 350 hivi, Nakuru hadi Nairobi 160. Kutoka Nairobi, treni ya SGR inachukua saa tano au sita hadi kituo cha Miritini, Mombasa. Kutoka Mombasa unavuka kivuko cha Likoni, unapita Ukunda, na kushika barabara ya Lunga Lunga hadi kwenye makutano ya Shimoni. Jumla ni kama kilomita 80. Usipange kushuka kwenye basi la usiku na kupanda mashua asubuhi hiyohiyo. Lala usiku mmoja Shimoni au Wasini kwenyewe. Mwili usiolala hupata kichefuchefu baharini upesi sana.

Hifadhi ya bahari ya Kisite-Mpunguti iko kusini mwa kisiwa cha Wasini, chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Ada ya kuingia hulipwa kwa mtandao wa eCitizen, na Mkenya hulipa kiwango cha chini akionyesha kitambulisho, kwa hiyo usikiache nyumbani. Tangu Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja zimepigwa marufuku ndani ya hifadhi: beba maji kwenye chupa ya chuma au ya kudumu. Beba mengi, maana Wasini ni kisiwa cha mawe ya matumbawe na maji yasiyo na chumvi ni adimu tangu zamani.

Kabla ya kulipa mashua, uliza haya na uyaone kwa macho: jaketi la kila abiria, ngazi ya kupandia kutoka majini, na mtu atakayeingia majini pamoja nanyi. Mashua isiyo na ngazi itakutesa wakati wa kurudi, mikono ikiwa imechoka. Uliza pia kama bei inajumuisha ada ya hifadhi, vifaa na chakula, kwa sababu ugomvi mwingi wa bei huanzia hapo.

Siku yenyewe

Kula kiamshakinywa chepesi, mkate na ndizi, saa moja na nusu au mbili kabla ya kuondoka. Mwenye kichefuchefu cha safari anywe dawa aliyoshauriwa na duka la dawa saa moja kabla, akae katikati ya mashua na atazame upeo wa macho, asitazame simu. Vaa fulana ya mikono mirefu inayobana na suruali ya kuogelea. Ngozi nyeusi nayo huungua: mgongo, shingo na nyuma ya magoti ndivyo vinavyoelekea jua saa nzima. Nguo ni bora kuliko krimu, kwa sababu baadhi ya krimu zina kemikali zinazodhuru matumbawe.

Temea mate ndani ya kioo kikavu, sugua kote kwa kidole, chovya baharini mara moja, vaa. Usiguse tena ndani ya kioo. Mkanda ukae juu ya kisogo, usibane masikio, wala usikazwe: mkanda uliokazwa mno hukunja ukingo wa silikoni na kuingiza maji, na mtu huzidi kuukaza.

Vaa jaketi hata kama wewe ni muogeleaji hodari. Shuka kwa ngazi, mkono mmoja kwenye miwani. Shika kamba ya mashua, tumbukiza uso, na ukae hapo dakika mbili bila kwenda popote, ukihesabu nne na sita. Mwanzoni moyo utadunda. Ukitulia ndipo uiachilie kamba.

Nendeni wawili wawili. Anza kwa kuelekea unakotoka mkondo, ili ukichoka ukurudishe mashuani. Inua kichwa kila dakika moja uone mashua iko wapi. Uso ukiwa majini mtu husahau, akainuka yuko mita mia. Mkono ukigusa utosi maana yake niko salama. Mkono ukipungwa juu maana yake njooni.

Na hapo chini sasa: samaki waitwao pono wanaguguna matumbawe, na ukinyamaza utayasikia meno yao, kakaka, kama mtu anayetafuna mahindi makavu. Kiti cha pweza, mnyama mwenye umbo la nyota, kimelala mchangani na mikono yake mitano. Kasa akipita, acha umbali wa mita mbili au tatu na usimfuate juu, kwani anapanda kuvuta hewa na akizuiwa anataabika. Usisimame juu ya matumbawe hata sekunde moja. Yale makubwa ya mviringo hukua kama sentimita moja kwa mwaka, na joto la bahari la 1998 liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani yetu. Yaliyopona na yaliyoota upya yanahitaji kuachwa. Usiokote kombe wala uwatupie samaki mkate, hata kama nahodha anakupa.

Dakika thelathini hadi arobaini zinatosha kwa mara ya kwanza. Ukianza kutetemeka, toka.

Yanayoharibika

Miwani ikiingiza maji, tafuta unywele chini ya ukingo kabla ya kitu kingine. Kucheka na kutabasamu pia hufungua ukingo mashavuni.

Msuli wa kigimbi ukikaza, geuka chali, nyoosha mguu, shika ncha ya pezi na uivute kuelekea kwako hadi ulegee.

Ukimeza maji na kukohoa, usivue miwani. Toa mrija, geuka chali, jaketi likubebe, kohoa umalize. Wanaovua miwani hupigwa na maji puani na hofu huongezeka maradufu.

Mkondo ukikuzidi, usishindane nao. Ukate kwa upande, na upunge mkono mapema, kabla hujachoka. Wala usivute pumzi nyingi za haraka ili uzamie kwa muda mrefu: hupunguza hewa chafu mwilini inayokukumbusha kupumua, na mtu huzimia majini bila onyo.

Viumbe wenye miiba mirefu myeusi kwenye mawe, samaki jiwe, na yule samaki mwenye mapezi kama manyoya, wote hudunga anayegusa. Akidungwa mtu, mtoe majini, tumbukiza sehemu iliyodungwa kwenye maji ya moto anayoweza kuvumilia, yasiyozidi nyuzi 45, dakika thelathini hadi tisini, na apelekwe hospitalini. Yapime maji kwa mkono wako mwenyewe kwanza, kwani aliye na maumivu hajui anaungua. Konyeza, yule mnyama laini kama jeli, akikuwasha, suuza kwa maji ya bahari, usitumie maji ya kunywa, wala usisugue. Mchubuko wa matumbawe uoshwe kwa maji safi na sabuni siku hiyohiyo. Ukiachwa huoza polepole.

Kijijini na kurudi

Chakula cha mchana mara nyingi huliwa Wasini: samaki, kaa, wali wa nazi. Kijiji ni cha Waislamu, hakina magari, na hakina haraka. Funga leso au vaa nguo kavu kabla ya kupita njiani. Huku kwetu "habari yako" humtosha hata mzee. Kule muanze kwa "Shikamoo", na uombe ruhusa kabla ya kupiga picha.

Kurudi kwa ndege siku hiyohiyo hakuna tatizo kwa aliyeogelea kwa mrija, tofauti na aliyezamia kwa mtungi wa hewa. Ukifika nyumbani, loweka miwani na mrija kwenye maji yasiyo na chumvi nusu saa, puliza vali itoke chumvi, anika kivulini, kisha uirudishe miwani kwenye kasha lake gumu bila kitu juu yake, kwa sababu silikoni ikikaa imekunjwa miezi mitatu haitakaa tena vizuri usoni.